Je, Randa ya Fundi Nayo Itozwe Kodi?

Mwanafunzi, umesoma kwamba kodi ya mapato hutozwa kwenye kipato. Sasa jiulize: seremala aliyeajiriwa akinunua randa na patasi kwa fedha zake ili afanye kazi ya mwajiri, je, fedha hizo ni kipato chake? Mimi nasema si kipato. Fundi mwenye karakana yake huiondoa gharama hiyo kabla ya kukokotoa kodi. Aliyeajiriwa, kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hapa Tanzania, hana nafasi hiyo. PAYE hukatwa kabla hajaushika mshahara.

Uingereza wana njia. Seremala aliyeajiriwa, anayekarabati au kununua upya vifaa vyake bila kurudishiwa gharama na mwajiri, hudai nafuu ya pauni 140 kwa mwaka. Hapa wengi hukosea: harudishiwi 140. Kiasi hicho ndicho kisichotozwa kodi, hivyo kwa kiwango cha asilimia 20 huokoa pauni 28. Aweza kudai pia ya miaka minne iliyopita.

Ni fedha kidogo, nakubali. Lakini mwakani huenda ukawa wewe, umetoka VETA na kuajiriwa karakanani, na randa unajinunulia mwenyewe.