Nati ya Gurudumu Haitaki Kurukiwa

Ndugu msomaji, najua wenzangu chamani wameandika juu ya mapenzi, nidhamu na mitihani. Mimi nimechagua nati. Usicheke kwanza! Katika mji wetu wa Isiolo haipiti siku bila malori kupita yakielekea Marsabit na Moyale, au yakitoka huko yamejaa mbuzi na ng'ombe, na juu ya vyuma, juu ya mifugo hiyo, wameketi watu. Watu wenyewe ni sisi, hasa shule zikifungwa.

Mjomba wangu ni dereva wa lori la mifugo. Miaka miwili iliyopita, likizo ya Agosti, alinibeba kutoka Merti. Njia hiyo, aijuaye anaijua: vumbi, mawe na matuta ya kutetemesha meno. Tukapata pancha. Utingo, kijana aliyenizidi umri kidogo tu, akabadilisha gurudumu kwenye jua kali, akakaza nati kwa spana fupi. Mjomba akauliza kutoka dirishani, "Umemaliza?" Akajibiwa, "Tayari mzee, twende." Basi tukaenda, wala hatukusimama tena.

Tulikuwa tumeshaingia kwenye lami, mjomba ameongeza mwendo, lori likaanza kutikisika upande wa nyuma kushoto. Kabla hajakanyaga breki vizuri niliona magurudumu yetu mawili yakitupita. Ndiyo, yalitupita! Moja liliangukia mtaroni. La pili lilikata kuelekea kwa mtoto aliyekuwa akichunga kando ya barabara, likampita kama hatua mbili hivi, likaua mbuzi wawili. Yule mtoto hakulia wala hakukimbia. Alisimama tu akiwa ameshika fimbo yake. Mpaka leo namwona.

Watu walikusanyika, kila mtu na lake. Wengine wakasema ni jicho baya. Mjomba akasema ni uvivu wa utingo, na bei ya wale mbuzi ikakatwa kwenye mshahara wa kijana. Tangu siku hiyo kijana akaapa. Kila akifunga gurudumu huchomeka bomba refu la chuma kwenye mpini wa spana, hupanda juu yake na kuruka mara tatu nne. Mjomba akawa anafurahi: "Sasa hiyo imekaza, bwana!" Haikupita miezi miwili, bolti mbili zikakatika.

Maoni yangu ni kwamba kijana alionewa mara mbili. Kwanza alilaumiwa kwa kulegeza, pili akasifiwa kwa kuharibu, na siku zote mbili hakuna aliyemfundisha kazi.

Wacha nieleze kwa fizikia ile ile tunayosoma darasani. Nati ikikazwa huivuta bolti, nayo bolti hurefuka kidogo mno, jicho halioni, halafu hung'ang'ania kurudi ilivyokuwa. Mvuto huo ndio unaobana rimu kwenye habu mpaka zikawa kama kitu kimoja. Ikilegea, rimu hucheza, matundu hupanuka, nati hujifungua zenyewe. Lakini ikivutwa kupita kiasi, bolti huwa kama lastiki ya soksi iliyochoka: imekuwa ndefu, haibani tena, na mwisho hukatika.

Kiasi ni kipi? Kwa malori mengi makubwa yenye bolti 10 kila gurudumu, ni kama nyutoni-mita 600 hadi 700. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 akisimama, bila kuruka, kwenye ncha ya mpini wa mita 1, anatoa karibu 600. Huyo huyo akisimama kwenye bomba la mita moja na nusu, anakaribia 900. Akianza kuruka, hata mwalimu wetu hawezi kukupa jibu! Na pikapu ndogo inahitaji mia moja na kitu tu, ilhali nimeona ikifungwa kwa bomba lile lile la lori.

Kuna jambo la pili, na mimi naliona kubwa kuliko hilo la nguvu. Hata nati iliyokazwa kwa kipimo hulegea kidogo gari likianza kutembea, kwa sababu kutu, tope na rangi vilivyokuwa katikati ya rimu na habu husagika. Ndiyo maana rimu hupanguswa kwanza, nati hukazwa kwa kuruka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo, kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 gari husimamishwa na nati zote kukaguliwa upya. Sisi tulipita kilomita hizo tukipiga hadithi. Na hilo la jicho baya, nchini Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama huku kwetu, imeonekana kwamba magurudumu yanayochomoka mara nyingi ni ya nyuma kushoto. Sidhani Waingereza nao wanaangaliwa na majirani zetu.

Nilipomweleza mjomba alinisikiliza, halafu akasema, "Mjomba, maneno yako ni mazuri, lakini tajiri anapiga simu kila saa. Mbuzi wakichelewa kufika Kiamaiko wanakonda, na hasara ni yangu." Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomlaumu utingo. Mwenye lori ndiye mwenye uwezo wa kununua spana yenye kipimo, na ndiye anayeweza kumwambia dereva, simama dakika 10, mbuzi watangoja. Utingo hawezi kumsimamisha dereva. Dereva naye anaogopa simu.

Zamani, barabara ya Moyale ilipokuwa ya vumbi tupu, magari yalikwenda polepole na kusimama kila mara, hata kwa kukwama. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, yapata kilomita 500 kutoka hapa, na sasa hakuna kinachomlazimisha mtu kusimama.

Basi nageukia lori letu la shule, linalobeba kuni wiki hii na wanachama wa Kiswahili wiki ijayo. Nimelichungulia. Nati mbili za nyuma zina michirizi ya kutu kama machozi, na hiyo ni dalili ya kulegea. Mabasi mengine yana vishale vidogo vya plastiki vya manjano kwenye nati (rafiki yangu alidhani ni mapambo!), na nati ikizunguka kishale hugeuka. Sisi hatuna, lakini rangi nyeupe ya kiwanja cha mpira ipo stoo. Mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu unatosha: mstari ukikatika, nati imesogea. Nimemwomba mzee dereva wetu ruhusa, akasema, "Haya, paka, lakini usichafue tairi." Tukisafiri kwenda Marsabit, nimemwomba pia asimame Archer's Post, na tena kabla ya Sereolipi. Bado hajanijibu hilo la pili.