Kaakaa Wazi Si Dhambi ya Mama

Mtoto anapozaliwa na mdomo wa sungura, au na kaakaa lililoachana, maneno huanza mapema kuliko matibabu. Iwe ni Mkunazini au Michenzani, Nungwi au Makunduchi, lawama humwangukia mama: ama amerogwa, ama alimcheka mwenye ila, ama ukoo wao una laana. Mwishowe mtoto hufichwa ndani, na hali kunyonya hawezi sawasawa. Hatari iko hapo, kwani anayefichwa huweza kufa, si kwa ule ufa, bali kwa njaa.

Ndugu msomaji, yafaa tujue kaakaa hujengwaje. Huanza kama vipande viwili vilivyoning'inia, kimoja kila upande wa ulimi. Ifikapo wiki ya nane hivi ya mimba, ulimi hushuka, vipande huinuka, hulala sawa, kisha hukutana katikati na kuungana. Mdomo wa juu huwa umetangulia kuungana. Kazi hiyo ikikwama, ufa hubaki. Duniani, katika watoto 700 hivi, mmoja huzaliwa na ufa wa mdomo au wa kaakaa. Na katika wiki hizo za mwanzo wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba.

Muungano huo huongozwa na jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili. Si jeni zote zifanyazo kazi wakati mmoja. Mwili hufunga nyingine kwa kuzipachika alama ndogo ya kemikali iitwayo methili, mithili ya komeo la mlango. Komeo likitiwa pasipostahili, kazi huharibika.

Hapo elimu ya kaakaa hukutana na elimu ya saratani. Jeni iitwayo CDH1 huzipa chembe gundi ya kushikamana. Mwaka 1998 wataalamu wa New Zealand walieleza kwamba hitilafu ya jeni hiyo ndiyo iliyoleta saratani ya tumbo katika ukoo mmoja wa Wamaori, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2006 ilielezwa kwamba katika baadhi ya koo zenye hitilafu hiyo walizaliwa pia watoto wenye ufa. Kisha mwaka 2017 watafiti wa Brazil na Uingereza walionyesha kuwa, miongoni mwa jamaa waliorithi hitilafu ya CDH1, wale waliozaliwa na ufa walikuwa na methili nyingi zaidi kwenye jeni hiyo kuliko waliosalimika. Komeo hilo hilo huonekana katika baadhi ya saratani za tumbo.

Hii haina maana kwamba kila mwenye ufa atapata saratani; la hasha. Maana yake ni kwamba chanzo kimo ndani ya chembe, wala hakimo katika jicho la jirani.

Methili hutegemea chakula, hasa foleti iliyomo katika mchicha, kunde na choroko. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vianzwe kabla ya mimba. Vimethibitika kuzuia mgongo wazi. Kuhusu kaakaa ushahidi haujawa imara kiasi hicho. Sigara na pombe ziepukwe. Mwenye kutumia dawa za kifafa asiziache, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Na mtoto akishazaliwa? Mama akamue maziwa, amnyweshe kwa kikombe na kijiko, kichwa kikiwa juu. Apelekwe mapema hospitali iliyo karibu, na ikibidi Mnazi Mmoja. Mdomo huweza kushonwa kuanzia miezi mitatu hivi, akiwa na uzito wa kutosha. Kaakaa hufaa lizibwe kabla ya miezi 18, ili aseme vizuri.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Baba asimame na mkewe, ambebe mwanawe mchana kweupe, wende hospitali pamoja.