Wale "Watumishi" Ukutani Walikuwa na Majina

Wasee, ile video yangu ya Naivasha naona mliipenda sana. Nimeifuta. Hakuna mtu alinitisha, na si mambo ya hakimiliki. Nimeifuta kwa sababu ya guka.

Kwa wale hawakuiona: tulikuwa wanne, tumechanga mafuta, tukatoka Nakuru asubuhi, Lanet, Gilgil, hao Naivasha, tukakata na Moi South Lake Road. Mwisho wa safari ilikuwa chakula cha mchana katika hoteli moja ya zamani pale ziwani. Jina sitaji, na msiniulize inboksi, kwa sababu hii si shida ya hoteli moja. Mnazijua hizi hoteli. Nyasi imenyolewa kama kichwa cha kurutu, migunga mirefu, ndege wakubwa wanatembea kati ya meza kama wenye nyumba, ziwa liko hapo mbele. Unajipakulia mwenyewe, elfu tatu na kitu kwa kila mtu. Na karibu na baa, ukuta mzima wa picha nyeusi na nyeupe.

Nilisimama mbele ya huo ukuta nikajirekodi. Kapsheni: "Enzi zile watu walijua kuishi." Najua, najua. Msinitukane bado.

Jumapili nikamwonyesha guka hiyo video. Guka alifanya kazi hapo miaka 22, kuanzia 1969, kwanza jikoni akiosha sufuria, baadaye mezani. Akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema simamisha hapo. Akaweka kidole kwa skrini, si kwa uso wangu, nyuma yangu, kwa picha moja ya ukutani: wageni wanane wameketi, na nyuma yao wanaume sita wamesimama na koti nyeupe. "Huyu ndiye alinifundisha kubeba supu bila kumwaga," akasema. Akawataja wanne kati ya wale sita. Jina la mtu, jina la baba yake, na alikotoka. Watatu wameshazikwa.

Hapo ndipo nilikumbuka maandishi yaliyo chini ya hiyo picha. Wale wanane wameandikwa majina yote mawili, na vyeo. Wale sita wameandikwa "na watumishi".

Sasa niseme nilichokuja kusema. Hizi hoteli haziuzi chakula. Kuku ni kuku, na samaki wa Kamere, wa kukaangwa hapo kando ya barabara, ni mtamu kuliko ule nilikula, tena kwa bei ya binadamu. Zinauza historia. Ndiyo maana menyu ina ukurasa mzima wa hadithi kabla ufike kwa supu. Ndiyo maana sakafu inapiga kelele ukitembea na hakuna mtu anairekebisha. Kama historia ndiyo bidhaa, basi nimelipia bidhaa nusu, na nina haki ya kulalamika kama mteja yeyote aliyepimiwa vibaya.

Hiyo nusu tunayopewa ni tamu, sikatai. Ni kweli ndege za majini zilikuwa zinatua Naivasha miaka ya 1930 na 1940, za Imperial Airways kisha za BOAC. Fikiria ndege nzima inashuka juu ya maji kati ya viboko, abiria wanaletwa ufukweni, wanakula, wanapanda gari kwenda Nairobi. Mwaka wa 1950 BOAC ikaachana na ndege za majini, hadithi ikaisha. Nilikuwa nasikiliza mdomo wazi. Lakini nani alishika ile kamba mashua ikifika? Nani alibeba masanduku? Huyo mtu alikuwa na kipande shingoni, kwa kale kasanduku ka chuma, na bila hicho kipande hangeweza hata kutafuta kazi kwingine. Yeye hayuko kwa menyu.

Na hadithi inaanza eti "miaka ya 1930". Kwani ziwa lilikuwa limefungwa kabla ya hapo? Hata jina Naivasha ni la Kimaasai, wao walishasema haya ni maji ya mawimbi kabla mtu yeyote hajaweka kiti cha jua ufukweni. Mkataba wa 1904 ndio uliowatoa kwenye hili bonde ili walowezi wapate nafasi. Ukianzia 1930s, unakuta nyasi tayari iko tupu, nzuri, inangoja meza. Hiyo ni njia rahisi sana ya kusimulia.

Kuna mwenye ataniambia ni hoteli, si makumbusho. Sawa, toeni hizo picha basi, wekeni runinga. Mwingine atasema guka alilipwa mshahara. Alilipwa, na ndio ulimsomesha mamangu, na guka mwenyewe hana kinyongo na hiyo kazi, aliipenda. Anajua kukunja kitambaa cha meza kwa namna nne hadi leo. Yeye hajaniambia niandike hii. Mimi ndiye nimekasirika, kwa niaba yangu.

Unajua kilichonimaliza? Kwenye barabara hiyo hiyo kuna Elsamere, nyumba ya Joy Adamson. Imepewa jina la Elsa, simba. Elsa ana kitabu tangu 1960, ana filamu tangu 1966, ana nyumba kando ya ziwa. Sina shida na Elsa, simba alikuwa mzuri. Lakini simba anajulikana kwa jina dunia nzima, na mtu aliyesimama nyuma ya kiti miaka ishirini ni "na watumishi".

Na sisi wa kamera tuko kwa hii kesi. Tunaenda hapo, tunavaa kofia ya nyasi, tunaandika "maisha ya kitajiri ya zamani", tunasahau kwamba kama tungezaliwa enzi hiyo tungekuwa nyuma ya ile picha, si mbele. Guka miaka 22 hakuwahi kuketi kwa meza moja ya pale. Wafanyakazi walikula nyuma ya jikoni, wamesimama kama kuna wageni wengi. Mimi niliketi dakika arobaini, nikaacha nusu ya keki.

Ninachotaka si kikubwa. Hao wazee waliobaki wako Karagita, wako Gilgil, wako hapa Nakuru. Waite, wape chai, waonyeshe picha, andika majina. Ni kazi ya siku moja na kalamu. Hayo manne ya guka nimeyaandika kwa daftari, siyaweki hapa hadi familia zao zikubali. Mawili yaliyobaki guka hayakumbuki, na aliyeyajua alifariki mwaka jana.

Meneja nimemwandikia barua pepe, bado hajajibu. Mwisho wa mwezi nampeleka guka, tutalipa kama wageni wengine, tutaketi upande wa ziwa. Ameshauliza kama ni lazima avae tai.