Maoni: Nyungu isiyo na jina huuzwa bei ya udongo

Mtu anayekusanya vyombo vya udongo vya zamani vya Skandinavia ana tabia moja inayowashangaza wasioizoea. Akipewa bakuli au chombo cha maua, hakai sana kutazama umbo wala rangi yake. Anakigeuza juu chini, anakisogeza kwenye mwanga, kisha anasoma alama zilizo chini yake. Hapo ndipo bei inapoanzia.

Chombo kidogo kinachoenea katika kiganja kinaweza kuuzwa kwa euro chache katika soko la vitu vilivyotumika huko Uswidi. Kingine kinachofanana nacho kinaweza kupelekwa kwenye mnada wa Bukowskis huko Stockholm, au Bruun Rasmussen huko Copenhagen, kikauzwa kwa maelfu ya euro. Vyote viwili ni udongo uliopita motoni. Mara nyingi kinachovitenganisha ni herufi mbili tatu zilizochorwa kwa ncha kali kabla udongo haujakauka.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, habari hii inaweza kuonekana kuwa mchezo wa watu wa mbali wenye pesa za kuchezea. Lakini ndani yake kuna somo linalowagusa wafinyanzi wa Kivu kuliko wanavyofikiri: fundi anayeacha kazi yake bila jina anawaachia watu wengine thamani yake.

Jina lilianza kiwandani

Vyombo vinavyotafutwa sana havikutoka kwa wafalme wa kale. Vingi vilitengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1970, katika viwanda vilivyouza pia sahani na vikombe vya kila siku. Uswidi ilikuwa na Rörstrand, kiwanda kilichoanzishwa 1726, na Gustavsberg, karibu na Stockholm, kilichoanza kutengeneza vyombo hivyo 1825. Denmaki ilikuwa na kiwanda cha kifalme cha Copenhagen, cha mwaka 1775, na karakana ndogo kama Saxbo. Finlandi ilikuwa na Arabia, kilichofunguliwa Helsinki mwaka 1873 kama tawi la Rörstrand.

Viwanda hivyo vilifanya jambo moja la busara. Pamoja na kutengeneza vyombo kwa wingi, viliwapa mafundi wa sanaa chumba chao, tanuru yao na ruhusa ya kuweka majina yao. Arabia ilifungua idara ya sanaa mwaka 1932. Gustavsberg ikaanzisha karakana yake ya sanaa mwaka 1942, na vyombo vyake vikapewa alama ya mkono wa mtu. Hapo alifanya kazi Stig Lindberg, na hapo pia Berndt Friberg, aliyezungusha gurudumu yeye mwenyewe na kuandika jina lake kwenye chombo pamoja na herufi ya kuonyesha mwaka. Kwa Saxbo, mhandisi wa kemia Nathalie Krebs alitafuta rangi za kioo kinachofunika udongo, na Eva Stæhr-Nielsen alibuni maumbo. Huko Copenhagen, Axel Salto alitengeneza vyombo vyenye vinundu na machipukizi, kama tunda linalotaka kupasuka.

Kazi yao kubwa ilikuwa ya udongo mgumu ambao kwa Kifaransa huitwa grès. Huchomwa kwenye moto wa nyuzi 1200 hadi 1300 hivi, mpaka udongo unashikana kama jiwe na haupitishi maji. Nyungu ya kijijini huchomwa kwa kuni mahali pa wazi, kwa moto mdogo zaidi, na udongo wake hubaki na vitundu vidogo. Huo si upungufu. Kwa vitundu hivyo maji hutoka polepole na kukauka nje, na yaliyobaki ndani yanapoa. Ni ufundi wa aina mbili, kila mmoja na akili yake, na hakuna sababu ya mmoja kudharau mwingine. Lakini mmoja uliandika majina, na mwingine haukuandika.

Alama ndogo, kumbukumbu kubwa

Mkusanyaji anayejua kazi yake husoma mengi chini ya chombo. Kwenye kazi za kiwanda cha kifalme cha Copenhagen ataona mistari mitatu ya mawimbi, inayowakilisha milango mitatu ya bahari ya Denmaki. Pembeni ataona alama ya mchoraji. Tangu 1935, kistari kidogo juu au chini ya mojawapo ya herufi za jina la kiwanda kilionyesha kipindi chombo kilipotengenezwa. Akiona mkwaruzo uliokata mawimbi, anajua kiwanda chenyewe kilikiona chombo hicho kuwa na kasoro na kukiuza kama cha daraja la pili. Hata kasoro iliandikwa.

Viwanda vyenyewe havikudumu vyote. Saxbo ilifungwa 1968. Rörstrand ilizima matanuru yake ya Lidköping mwaka 2005, na Arabia ikafunga kiwanda cha Helsinki mwaka 2016. Lakini majina hayakuzimika pamoja na moto. Wakusanyaji walinakili alama, wakalinganisha miaka, wakachapa vitabu, na makumbusho yakahifadhi orodha. Kwa hiyo mjukuu anayerithi bakuli la bibi yake anaweza kujua leo ni nani aliyelitengeneza na lini.

Faida hiyo haimfikii mkusanyaji peke yake. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2001 linampa msanii sehemu ya bei kila mara kazi yake ya asili inapouzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa, na haki hiyo inaendelea kwa warithi wake miaka 70 baada ya kifo chake. Agizo hilo linataja vyombo vya udongo waziwazi, sambamba na picha na sanamu. Kama kazi ina nakala, linasema kwa kawaida ziwe na namba, saini au kibali kingine cha msanii. Kwa maneno mengine, pasipo jina hakuna wa kulipwa.

Isidhaniwe kwamba huko haki ilikuwa kamili. Mara nyingi jina lililoandikwa ni la msanifu aliyebuni umbo, si la kila mkono uliokanda udongo au kulisha tanuru. Bei kubwa nazo zilikuja baada ya wengi wao kufariki. Salto alifariki 1961, na hakuona pesa zinazotolewa leo kwa vyombo vyake. Hata hivyo, kumbukumbu yenye upungufu inaweza kusahihishwa. Ile isiyokuwapo haina cha kusahihishwa.

Rangi ya buluu na ardhi ya Katanga

Kuna uzi mwingine unaounganisha vyombo hivi na Kongo, nao ni rangi. Sahani maarufu kuliko zote za Copenhagen ni nyeupe zenye maua ya buluu, na buluu hiyo hutoka kwa kobalti. Kabla ya kuingia motoni, madini hayo yakiwa unga ni meusi. Moto ndio unaoyageuza. Katika karne ya 18 na ya 19, Norwe ilikuwa na migodi na kiwanda chake cha rangi hiyo huko Modum, kilichoanzishwa 1776 na mfalme aliyetawala Denmaki na Norwe pamoja. Kazi hiyo ilikoma kabla karne ya 19 haijaisha. Katika miaka ya 1920, Union Minière ikaanza kutoa kobalti Katanga, na leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo.

Kiwanda cha Copenhagen husema kwamba sahani moja ya kawaida ya mchoro huo inahitaji mipigo 1197 ya brashi. Mchoraji akimaliza, anaweka alama yake chini. Mchimbaji anayetoa madini hayo Kolwezi haweki alama popote. Gunia lake likishapimwa, linachanganywa na mengine na jina lake linaishia hapo. Huenda kwa madini haiwezekani kufanya vingine, kwa kuwa jiwe la huyu haliwezi kutofautishwa na la yule baada ya kuyeyushwa. Lakini kwa nyungu inawezekana kabisa. Ndiyo maana inauma kuona nyungu ikiuzwa kama gunia la madini.

Aliyeandika jina lake

Kongo haina haja ya kwenda kuomba mfano Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi ya Wawoyo karibu na mdomo wa mto Kongo, palikuwa na mfinyanzi aliyeitwa Voania, wa kijiji cha Muba. Alitengeneza nyungu zenye sanamu za watu juu yake, na kwenye udongo akaandika jina lake na la kijiji chake. Zilinunuliwa na wageni na kusambaa hadi makumbusho ya Ulaya na Marekani. Leo mtaalamu akiona mojawapo ya nyungu hizo anasema: hii ni ya Voania wa Muba. Wafinyanzi wengine wengi wa wakati wake, wenye mikono isiyopungua wake, wameandikwa kwenye kadi za makumbusho kwa jina la kabila na la eneo tu. Wao wenyewe hawapo.

Katika Kivu, kazi hii imebebwa zaidi na wanawake, na katika sehemu nyingi, kama kisiwani Idjwi, na familia za Batwa. Watu waliosukumwa pembeni kwa muda mrefu ndio waliowapikia jirani zao chakula kwa nyungu zao. Plastiki na sufuria za aluminiamu zimewapunguzia wanunuzi. Wanaponunua wageni na watu wa mjini wanaopenda vya asili, wananunua "nyungu ya Idjwi", hawanunui nyungu ya mama fulani. Akifariki, ufundi wake unazikwa naye bila anwani.

Wapo watakaosema kwamba kuweka jina ni majivuno, na kwamba nyungu ni kazi ya jamaa nzima waliochimba udongo na kutafuta kuni pamoja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jina si lazima liwe la mtu mmoja. Saxbo ilikuwa jina la karakana, na wote waliofanya kazi humo walijulikana kwalo. Chama cha wanawake wafinyanzi kinaweza kuwa na alama yake, na ndani ya alama hiyo kila mmoja akawa na kistari chake.

Wengine watauliza kama saini itaongeza franga sokoni kesho asubuhi. Haitaongeza. Hata Uswidi haikuongeza kesho yake. Lakini gharama yake ni msumari au mwiba, na muda wa kuandika maneno matatu kabla udongo haujakauka: jina, kijiji, mwaka. Anayeuza nyungu mjini Goma, Bukavu au Lubumbashi anaweza kuanza kumwuliza mfinyanzi jina lake na kuliandika kwenye daftari. Shule na parokia zinaweza kutunza daftari hilo. Makumbusho ya taifa ya Kinshasa, yaliyopata jengo jipya mwaka 2019, na yale ya Lubumbashi, yanaweza kukataa kupokea nyungu ya leo ikiwa na jina la kabila peke yake, wakati fundi wake yupo hai na anaweza kuulizwa.

Sheria ya haki za waandishi ipo Kongo tangu 1986. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlinda fundi asiyejulikana. Siku mnunuzi wa kwanza wa mjini atakapoigeuza nyungu ya Idjwi juu chini kabla ya kuuliza bei, na akute jina la mama aliyeifinyanga, mjadala wa bei utakuwa umeanza upya.