Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wapendwa wasomaji, shule zikishafungwa mwezi wa Desemba, swali nyumbani kwetu huwa ni lile lile: "Mama, mwaka huu tunakwenda kwa nani?" Sisi makazi yetu ni Mbeya, kwenye milima na baridi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufukwe wa Ziwa Mweru. Tumekwishakwenda kwake mara tatu kwa gari letu, mimi, baba watoto na watoto wetu watatu. Katika safari hizo tatu nimejifunza jambo ambalo naona familia zetu nyingi hatulifikirii, nami nataka kulisema wazi, hata kama litatuuma kidogo.

Jambo lenyewe ni hili: tunapanga safari za kuunga udugu kwa kalenda yetu na mfuko wetu, wala hatujiulizi mwenyeji wetu mwezi huo yuko katika hali gani.

Safari ya kwanza

Mara ya kwanza tulikwenda Desemba, kwa sababu ndipo watoto wana likizo ndefu. Hatukuuliza kitu. Tulipiga simu kusema "tunakuja", mdogo wangu akafurahi mpaka akalia, basi. Tukapakia nguo, biskuti, kanga mbili za zawadi na midoli ya watoto wake.

Tulipokelewa kama wafalme. Majirani ambao si Waislamu walikuja kutuamkia, "Mwaiseni mukwai", yaani karibuni, na mmoja akaleta bakuli la karanga. Siku ya kwanza kuku, siku ya pili kuku, siku ya tatu kuku. Siku ya nne mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka 9, akauliza mbele ya watu wote: "Mama mdogo, si ulisema kwenu samaki wamejaa?" Mdogo wangu akacheka. Shemeji akatazama chini.

Usiku ule jikoni ndipo nikaambiwa. Kila mwaka, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ni sheria yenye hekima, maana ziwa lisilopumzishwa huisha. Lakini kwa nyumba ya mvuvi hiyo ni miezi mitatu bila kipato. Wale kuku walikuwa wa kutaga, aliowafuga ili auze mayai kipindi hicho cha ukame wa pesa. Mafuta na sukari vilikopwa dukani. Nasi tulikuwa watu watano, na tulikuwa tumepanga kukaa siku 9!

Ndugu zangu, sikulala. Tunajua sote mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba ugeni ni siku tatu na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka amtie katika dhiki. Tunayasoma, tunawafundisha watoto madrasa, kisha tunafunga mizigo na kwenda kula kuku wa kutaga wa dada zetu.

Safari ya pili

Tukasema tumeelewa, sasa tutakwenda Juni. Juni mvua hakuna, barabara ni kavu na ziwa liko wazi. Kweli, samaki tulikula. Soko la Kashikishi, jirani kabisa na Nchelenge, lilikuwa limejaa, na wale samaki wadogo wanaowaita chisense, ambao sisi tungewaita dagaa, walianikwa juani kila mahali. Wala hakukuwa na wasiwasi wa nyama imechinjwa na nani, kwani samaki hahitaji kuchinjwa.

Lakini shemeji hatukumwona. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Alikuwa akiondoka jioni, akirudi alfajiri amechoka, anasali, analala. Watoto wangu walikaa wiki nzima nyumbani kwa baba yao mdogo wakala naye mara tatu tu. Siku ya kuondoka mdogo wangu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, mkija Desemba mnampata yeye, mkija Juni mnapata samaki. Chagueni."

Safari ya tatu

Tulichagua yeye. Tulirudi Desemba, lakini safari hii gari lilijaa vitu vingine: mchele wa Kyela, maharage, mafuta, sukari, sabuni na madaftari ya watoto. Nilimwuliza mdogo wangu kwa simu mwezi mzima kabla nini kinapungua, na nilimwuliza faragha, si mbele ya mumewe. Tulipofika, mizigo iliingia kwa mlango wa nyuma moja kwa moja hadi stoo. Hakuna aliyeitangaza. Watoto nao tuliwaonya kabla: "Mkila wali, msiseme ni wetu. Umepikwa nyumbani kwa mama mdogo, basi ni wa mama mdogo."

Baba watoto naye alifanya jambo ambalo sikulifikiria. Alimwomba shemeji awafundishe vijana wetu kushona nyavu. Mvuvi asiye na kazi, aliyekaa nyumbani anaona wageni wanakuja na magunia, moyo wake unaweza kusinyaa. Lakini yule bwana kila asubuhi alikaa chini ya mwembe na sindano ya nyavu mkononi, watoto wamemzunguka, akiwaeleza upepo wa ziwani, samaki wa kina kirefu na wa kina kifupi, na kwa nini nyavu za matundu madogo zinaua kesho yao wenyewe. Asubuhi zenye hewa safi aliwaonyesha ng'ambo ya maji, upande wa Kongo, kunakoanzia milima ya Kundelungu. Watoto wa milimani wakafundishwa na mtu wa ziwani namna ya kutazama milima! Mwanangu yule yule aliyeuliza habari ya samaki leo anajua kuziba tundu la wavu, na anamtaja baba yake mdogo kama mwalimu wake.

Hapo ndipo nilipoielewa methali yetu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa gunia la mchele peke yake. Hupona pia anapobaki na cheo chake cha mwenyeji: ana la kutoa, na mgeni ana la kupokea.

Kwa nini tunakwenda polepole

Wapo wanaotucheka kwa kutumia siku nne njiani. Gari la haraka lingefika mapema zaidi. Lakini mgeni anayefika amechoka na watoto wanaolia ni mzigo mwingine kwa mwenyeji. Siku mbili za kwanza anauguzwa badala ya kuzungumza.

Sisi tunavuka Tunduma na kuingia Nakonde, ambako saa inarudi nyuma kwa saa moja, na watoto hufurahi kuwa wameongezewa muda wa likizo. Tunalala Mbala. Karibu na hapo yako maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa nchi zetu mbili, yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa magogo yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mkono wa binadamu, yaliyochimbuliwa Kalambo, yana umri wa miaka ipatayo 476,000. Mji wa Mbala wenyewe, zamani ukiitwa Abercorn, ndipo jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliposalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba 1918. Vitabu vya historia vya watoto vinapata uhai pale.

Kisha Kasama, kisha Mansa, kisha tunateremka bonde la Luapula kupitia Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. David Livingstone alipofika huko mwaka 1867 alikuta wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu wamekwishamtangulia, na mmoja wao, Mohamad bin Saleh, alikuwa amekaa huko miaka mingi. Nawaambia wanangu: njia hii watu wetu waliijua zamani, na katika misafara ile palikuwa na biashara ya halali na palikuwa na ya utumwa pia, tusifiche.

Njiani tunafupisha sala za rakaa nne ziwe mbili, kama Allah (S.W.) alivyomrahisishia msafiri, na watoto wanajifunza fiqhi ya safari kwa vitendo, si kwa kukariri. Kibla kule ni kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki.

Na sokoni Kashikishi watoto walishangaa kusikia Kiswahili. Wengine ni wafanyabiashara kutoka Kongo, wengine ni wakimbizi. Katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge yapo makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Binti yangu alizungumza na mwanamke mmoja, kisha akanyamaza njia nzima. Baadaye akasema, "Mama, yeye hawezi kurudi kwa ndugu zake likizo ikiisha." Sikuwa na la kuongeza.

Hoja ya wanaopinga

Najua baadhi yenu mtasema: petroli ghali, mpakani kuna gharama, nyumba za wageni nazo zinataka fedha. Si bora kumtumia dada fedha hizo kwa simu akae kwa raha?

Hoja hii ina ukweli, nami siidharau. Kama safari itakumaliza mpaka ufike mikono mitupu, basi mwaka huu tuma ulicho nacho, uende mwaka ujao. Hapo utakuwa umeunga udugu bila kumwumiza mtu. Lakini usifanye kutuma kuwa badala ya kwenda miaka yote. Mtoto hawezi kumjua mama yake mdogo kwa ujumbe wa muamala. Na sisi tunaamini kuwa kuunga udugu ni miongoni mwa sababu za mtu kukunjuliwa riziki na kuongezewa umri. Je, tutaitafuta baraka hiyo kwa simu tu?

Nasaha zangu kwa anayejiandaa

1. Uliza kwanza, faragha, mwenyeji wako anaishi kwa kazi gani na miezi gani ni migumu. Mvuvi ana miezi yake, mkulima ana yake, mwalimu ana yake.

2. Chukua chakula cha watu wako wote kwa siku zote, na zidisha kidogo. Mpakani kitaje, usikifiche.

3. Usibague chakula cha mwenyeji. Luapula ugali ni wa muhogo, na kisamvu wanakiita katapa. Wafundishe watoto kula na kushukuru.

4. Afya. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi Zambia, na watoto waliokulia kwenye baridi hawaizoei. Mwoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, chukueni vyandarua, na mtoto akipata homa baada ya kurudi mwambieni daktari mlikotoka.

5. Kaeni siku za wastani. Ondokeni bado mnatamaniwa.

6. Mwalikeni naye. Watoto wa mdogo wangu hawajawahi kupanda mlima. Tumewaahidi Rungwe, na ahadi ni deni.

Tulipoondoka mara ya tatu, mdogo wangu hakulia. Alisimama mlangoni na mumewe, wote wawili wakicheka, na shemeji akasema kwa sauti, "Desemba ijayo tena!" Mara ya kwanza hakuthubutu kusema hivyo, na leo najua ni kwa nini.

Allah atujaalie tuwe wageni wanaoponya, atulindie ndugu zetu walio mbali, na awafungulie wakimbizi njia ya kurudi kwao kwa amani. Aamiin.