Kwenu wapi? Waulizeni Wazigua wa Chogo

Wandugu, kuna swali ambalo Mbongo halikwepi. Panda basi pale Mbezi uelekee Tanga, kabla hamjafika Chalinze jirani yako atakuwa ameshakuuliza: kwenu wapi? Ukimjibu Sinza, anacheka. Yeye anataka kwenu kwenyewe, kule mnakopeleka misiba.

Vijana wenzangu wengi swali hili linawaudhi. Wanaona ni ukabila. Tumelelewa hivyo, na sensa ya mwisho kutuuliza makabila yetu ilikuwa ile ya 1967. Sina ugomvi na malezi hayo, yametuepusha na mengi. Lakini kuwa na kwenu na kuwa mkabila ni vitu viwili tofauti, na ushahidi wangu uko Handeni, sehemu inayoitwa Chogo.

Katika karne ya 19 Uzigua ulipigwa na njaa kali. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula, wengine kwa kudanganywa kwamba kuna kazi, wakajikuta wamepakiwa majahazini. Waliuzwa kusini mwa Somalia, wakalimishwa mashamba kando ya mto Shabelle. Wengi wakatoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, aliyewaongoza kurudi kwao kwa miguu. Kwao ni wapi? Huku huku Uzigua! Hawakufika. Waliishia kwenye misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakazaa.

Sasa fikiria. Zaidi ya miaka 150 ugenini, hakuna shule ya Kizigua, hakuna redio ya Kizigua, hakuna hata ndugu wa kuja kuwatembelea. Lakini Kizigua hakikufa. Wasomali waliwaita jareer, yaani wenye nywele ngumu, wakawabagua. Siad Barre alipoanguka Januari 1991 na nchi kusambaratika, wakulima hawa waliporwa na kuuawa na wanamgambo wa kila upande. Wengi walikimbilia Kenya. Wengine wakapanda vyombo vya baharini na kuja Tanzania, wakapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, na kuanzia 2003 wakahamishiwa Chogo.

Watu waliozaliwa Somalia, ambao babu zao hawakuwahi kuiona Tanganyika, waliweza kuongea na wazee wa Handeni kwa lugha ya nyumbani. Je, vijana wangapi wa Korogwe mjini wanaweza hilo leo? Wale ninaofahamiana nao nawahesabu kwa vidole. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 tu, lami tupu. Hakuna aliyetuuza sisi, wala hakuna jahazi lililotubeba. Kizigua, Kisambaa na Kibondei vinatutoka huku tumekaa palepale.

Ila msidhani kurudi kwao kulikuwa sherehe. Kule Somalia waliambiwa si Wasomali, huku Handeni wakaitwa Wasomali! Waliingia nchi ya mababu zao kama wakimbizi, na wale waliopata uraia waliupata kwa tajnisi, mlango uleule anaopitia mgeni kutoka China au India. Sheria haina kifungu cha mtu aliyechukuliwa kwa nguvu babu yake. Na kwa kuwa mtu mzima hapa haruhusiwi uraia pacha, mlango huo una masharti: ukiingia, kule ulikozaliwa unakuacha nje.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwenu ni pale kitovu chako kilipozikwa, basi. Kwa kipimo hicho wale si wa kwetu hata kidogo. Lakini pia sikubaliani na wanaosema kwenu ni damu tu. Tazama Korogwe. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, na mashamba yakaleta manamba kutoka Songea, Kigoma, hata Msumbiji na Burundi. Wajukuu wao leo ni watu wa Korogwe, wanauza machungwa stendi, wamezika wazazi wao hapo. Nani atawaambia si kwao?

Kwangu mimi, kwenu ni pale unapopashughulikia. Mzigua wa Juba alipashughulikia Uzigua akiwa mbali, kwa ulimi wake, kila siku, kwa vizazi. Mjukuu wa manamba ameishughulikia Korogwe kwa jembe. Sisi wa Dar tunaokumbuka kwetu Desemba na kwenye msiba, tukipiga picha za milima ya Usambara tukiwa ndani ya gari... haya, jazeni wenyewe.

Na jambo moja zaidi. Sio wote waliitaka Handeni. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea maelfu ya Wabantu wa Somalia waliokuwa kambini Kenya, na wengi wao wakaenda, wengine hadi Lewiston, jimbo la Maine, kwenye theluji. Kuna Wazigua wanaolea watoto huko sasa. Naomba mtu asiniambie wamepotea. Ukoo uliobeba lugha kupitia utumwa na vita, ngoja tuone kwanza watoto wao wanamsalimiaje bibi. Na wa kwetu vilevile, wale wa Sinza.