Jibini ipimwe kwa mizani

Mapishi mengi tunayoyafuata huandika "kikombe kimoja cha jibini iliyokunwa". Kwa anayepika kwa oda, mimi naona kikombe hakitoshi. Anunue mizani.

Kikombe cha kupimia cha mililita 240 ukikijaza maji, uzito wake ni gramu 240 hivi. Ukikijaza cheddar iliyokunwa bila kuishindilia, ni gramu 110 hivi tu, maana kilichobaki ni hewa. Ishindilie kwa kijiko, na nyingine itaingia humo humo. Kikombe ni kile kile, jibini si ile ile.

Kwa chakula cha nyumbani hilo halina neno, watoto watakula. Lakini mteja aliyelipia sambusa hamsini za jibini anatarajia zijae kama za wiki iliyopita. Jibini ni ghali, na siku pesa ikipungua mkono hushawishika kutia kidogo. Tena bila mizani hata bei unaikisia, kwani hujui kila sambusa imekula jibini ya shilingi ngapi.

Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wanaopunja vipimo. Tunamfikiria muuza mchele sokoni, kumbe na jikoni mwetu inatuhusu.

Asiye na mizani leo ajaze kikombe bila kushindilia, namna moja kila siku. Kipande cha gramu 250 kitamtolea vikombe viwili na ziada kidogo. Na hiyo ziada, dada yangu, ni ya mteja.